Ziwa Lilipowahama: Wavuvi na Wafugaji wa Kwanza wa Turkana

Ukimuuliza mtu aliyesoma Afrika Mashariki habari za kale za Ziwa Turkana, atakutajia mifupa. Atamtaja kijana wa Nariokotome, aliyepatikana baada ya Kamoya Kimeu kuona kipande kidogo cha fuvu juu ya changarawe mwaka 1984, na atakwambia kwamba kijana huyo aliishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Ataitaja Koobi Fora na ukoo wa Leakey. Kisha ataruka. Kutoka kwa viumbe wale wa mwanzo kabisa atatua moja kwa moja kwa Waturkana wa leo na mbuzi na ngamia wao, kana kwamba miaka yote ya katikati nchi ile haikuwa na mtu.

Katikati walikuwapo watu. Walikuwa watu kamili kama sisi, wenye akili zetu na maungo yetu, na waliishi kando ya ziwa hilo maelfu ya miaka wakila samaki na viboko. Kisha ziwa likawahama. Kizazi baada ya kizazi maji yalizidi kwenda mbali, na watu wakalazimika kubadili chakula chao, kazi zao, na hata namna ya kuzikana. Wanastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu ni mababu wa nchi hii kuliko kiumbe yeyote wa mamilioni ya miaka.

Hadithi yao inaanzia kwenye mvua. Miaka takribani 16,000 iliyopita Afrika Mashariki ilikuwa kavu kuliko tunavyoweza kufikiri. Hata Ziwa Victoria lilikuwa limekauka: watafiti waliotoboa tope la sakafu yake na kutoa vipande virefu vya mashapo walikuta, chini ya tope la ziwa, tabaka la udongo wa nchi kavu. Halafu hali ikageuka. Dunia inapozunguka, mhimili wake huyumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua zaidi ya miaka 20,000. Kuna wakati kuyumba huko huifanya nusu ya kaskazini ya dunia ielekee jua hasa pale dunia inapokuwa karibu nalo. Majira ya joto ya kaskazini huwa makali, nchi kavu huchemka, na pepo za msimu huvuta unyevu mwingi kutoka baharini hadi katikati ya bara. Ndivyo ilivyokuwa kuanzia miaka 15,000 hivi iliyopita. Sahara ikaota nyasi. Ziwa Chad likawa kama bahari. Na kwenye Bonde la Ufa la kaskazini mwa Kenya, maziwa yakafurika.

Turkana ya leo ni ziwa refu lenye urefu wa kilomita 250 hivi, limezungukwa na mawe meusi ya volkano na upepo usiokoma. Karibu asilimia 90 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka milima ya Ethiopia. Halina mto unaotoka. Maji yanayoingia huishia kupaa hewani, yakiacha magadi nyuma. Mtu akiyanywa leo huhisi uchungu wake. Lakini wakati ule wa mvua, maji yalipanda karibu mita 100 juu ya yalipo sasa. Bonde la Suguta, ambalo siku hizi ni mojawapo ya mahali penye joto kali kuliko pote nchini Kenya, lilikuwa ziwa lenye kina cha mita 300 hivi, likimwagikia Turkana. Chalbi, jangwa la chumvi la Marsabit, nalo lilikuwa ziwa. Na Turkana yenyewe ilijaa mpaka ikapata njia ya kutokea upande wa kaskazini-magharibi, ikamwagika kwenye tambarare za Lotikipi na kuingia katika mfumo wa Mto Nile. Ndiyo maana samaki wa Turkana na wa Nile ni ndugu. Ziwa lenye mlango wa kutokea hujisafisha, kwa hiyo yalikuwa maji baridi, matamu, yenye kunyweka.

Mpaka leo fukwe za wakati ule zinaonekana. Ziko juu ya miteremko, mbali na maji: mistari ya kokoto zilizolainishwa na mawimbi, na makombe ya chaza wa maji baridi yaliyogandamana juu ya miamba mahali ambapo sasa hapana tone. Mwanaakiolojia anayetafuta makazi ya wavuvi wa kale haendi ufukweni. Anapanda mlima.

Juu huko ndiko walikofukuliwa. Lawrence Robbins alichimba Lothagam, upande wa magharibi, katika miaka ya 1960. David Phillipson alichimba Lowasera, upande wa kusini-mashariki, katika muongo uliofuata. John Barthelme alizunguka eneo la Koobi Fora akitafuta mabaki ya watu wa karibuni pale ambapo wenzake walikuwa wakitafuta ya mamilioni ya miaka. Wote watatu walikuta jambo lilelile: marundo ya mifupa ya samaki, ya mamba, ya kobe wa majini na ya viboko, vipande vya mawe yaliyochongwa, vigae, makaburi, na vyusa vya mfupa.

Tukitazame chusa kimoja kwa makini, maana ndicho kinachotueleza zaidi. Ni kipande cha mfupa kilichochongwa kwa jiwe hadi kikapata ncha. Upande mmoja kimekatwa meno, kila jino likielekea nyuma, ili kikishaingia kwenye mwili wa samaki kisichomoke. Chini, pale pasipo na meno, kimechorwa mifereji ya kuzunguka, na hapo ndipo kamba au nyuzi zilipofungwa. Mtu aliyekitengeneza alijua mambo mengi kwa pamoja: ni mfupa upi ulio mgumu bila kuwa mwepesi wa kuvunjika, jino likatwe kwa pembe gani, kamba ikae wapi ili isiteleze ikilowa. Jino moja likikatika wakati wa kuchonga, kazi yote imepotea. Ufundi wa namna hiyo haubuniwi na mtu mmoja kwa siku moja. Hufundishwa, mkubwa akimwonyesha mdogo.

Nao ni ufundi wa kale mno barani kwetu. Huko Ishango, mahali ambapo Mto Semliki unatoka Ziwa Edward, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 na kukuta vyusa vya mfupa vyenye umri wa miaka 20,000 na zaidi. Kwa hiyo maji ya Turkana yalipopanda, watu hawakuanza kujifunza uvuvi upya. Maarifa yalikuwapo, yakitunzwa na jamii ndogondogo kwenye mito na maziwa yaliyosalia wakati wa ukame. Mvua ilipokuja, maarifa hayo yakapata nafasi ya kutanuka.

Mifupa ya samaki wenyewe nayo inasema. Kambare huingia kwenye maji ya kina kifupi wakati wa mafuriko ili kutaga, na hapo hata mtoto mwenye fimbo anaweza kumpata. Sangara ni habari nyingine. Sangara mkubwa hufika urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200, naye hupenda maji ya kina. Mifupa ya sangara wakubwa imo kwenye makazi yale pamoja na ya kambare, na hii inaonyesha kwamba walijua majira yote mawili: majira ya kuokota samaki mabwawani na majira ya kumfuata mkubwa majini. Kama walitumia vyelezo au mitumbwi hapo Turkana, mbao zake zimeoza zamani. Lakini kwamba Waafrika wa zama hizo walijua mitumbwi hilo halina shaka. Mwaka 1987 mfugaji wa Kifulani aliyekuwa akichimba kisima karibu na kijiji cha Dufuna, kaskazini-mashariki mwa Nigeria, aligonga mbao ngumu chini ya udongo. Ulikuwa mtumbwi wa gogo moja, wenye urefu wa mita 8.4 na umri wa miaka 8,000 hivi, na umechongwa vizuri hata mbele na nyuma.

Dufuna si mahali pa peke yake. Katika miaka ya 1940, A. J. Arkell alichimba kwenye eneo la hospitali ya Khartoum, Sudan, akakuta makazi ya wavuvi wenye vyusa vya mfupa na vyungu vilivyotiwa nakshi ya mistari ya mawimbi. Huko Gobero, katikati ya jangwa la Niger, timu ya Paul Sereno iliona mwaka 2000 mamia ya mifupa ya watu ikichomoza kwenye mchanga, kando ya ziwa lililokauka. Wa kwanza kuzikwa hapo walikuwa wavuvi. Vigae vya mistari ya mawimbi au vinavyofanana navyo vimepatikana toka Sahara hadi Bonde la Ufa. Mwaka 1974 John Sutton aliandika makala mashuhuri akidai kwamba huo wote ulikuwa ustaarabu mmoja wa majini uliotanda katikati ya Afrika.

Wazo la Sutton linavutia, na lilifanya kazi kubwa ya kuwafumbua watu macho kwamba Afrika ya kabla ya kilimo haikuwa pori tupu. Lakini nadhani limevuka kiasi. Watu wawili wanaokaa kando ya maji mawili tofauti wanaweza kufikia chusa kilekile kwa sababu samaki ni wale wale na mfupa ni ule ule. Kinachoonekana zaidi ni jamii nyingi, kila moja na lugha yake na desturi zake, zikipokezana mbinu pale zilipokutana. Na nakubali kwamba kukutana kulikuwa rahisi kuliko sasa, maana nchi iliyo jangwa leo ilikuwa na maji njia nzima.

Vyungu navyo viliwabadilishia maisha. Samaki akipikwa na maji huliwa na mtoto asiye na meno na mzee aliyekwisha kuyapoteza. Mafuta hayadondoki motoni yakapotea. Mtu anayehamahama kila wiki hawezi kubeba vyungu vya udongo, kwa hiyo wingi wa vigae katika makazi ya Turkana unatuambia kwamba watu hawa walikaa. Hawakukaa mahali pamoja mwaka mzima, pengine, lakini walikaa kwa muda mrefu, na walirudi palepale. Ziwa lilikuwa tajiri kiasi cha kuwafanya wapende mahali.

Kupenda mahali kuna upande wake mbaya. Mwaka 2012, Marta Mirazón Lahr wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walikuta Nataruk, magharibi mwa ziwa, mifupa ya watu wasiopungua 27. Wakati watu hao wakiwa hai, miaka 10,000 hivi iliyopita, hapo palikuwa kando ya wangwa wa ziwa. Leo maji yako kilomita 30 hivi kutoka hapo. Hakuna kaburi lililochimbwa. Walianguka kama walivyoanguka. Kati ya watu 12 ambao mifupa yao ilikuwa kamili au karibu kamili, kumi walikuwa na alama ambazo watafiti walizisoma kuwa za kuuawa: vichwa vilivyopondwa, magoti na mikono iliyovunjika, na kwa mwanamume mmoja, kipande cha jiwe la kioo cha volkano kikiwa kimenasa kwenye mfupa wa kichwa. Mmoja wao alikuwa mwanamke mjamzito, mimba ikiwa kubwa. Mikono ya baadhi yao ilikaa kama iliyokuwa imefungwa.

Taarifa hiyo ilipotolewa mwaka 2016, wataalamu wengine walipinga, wakisema kwamba baadhi ya mipasuko ya mafuvu ingeweza kuletwa na uzito wa udongo baada ya kifo. Ubishi huo ni wa halali. Hata hivyo, jiwe la aina ile halipatikani kwa wingi eneo hilo, na haliwezi kuingia kichwani mwa mtu lenyewe. Waliouawa Nataruk waliuawa wakati wa neema, ziwa likiwa limejaa na samaki tele. Watu hudhani vita vya kale vililetwa na njaa. Hapa inaelekea vililetwa na mali. Ufuo mzuri, wenye maji ya kunywa na wangwa wa kuvulia, ulikuwa na thamani ya kupiganiwa. Jamii hizi hazikuwa za malaika, na sioni kwamba kuzisifu kunatudai kuficha hilo.

Neema yenyewe haikuwa tulivu. Ziwa lilikuwa likishuka na kupanda. Miaka 8,000 hivi iliyopita lilipungua sana kisha likajaa tena. Kwenye tambarare za magharibi, ambako ardhi ni karibu bapa, maji yakishuka kwa mita moja tu ufuo huweza kusogea mamia ya mita. Mtoto angeweza kuzaliwa penye mawimbi na kuzeeka akitembea nusu siku kuyafikia. Kwa maelfu ya miaka jibu la wavuvi lilikuwa moja: kuhama na maji. Chusa ni kilekile, chungu ni kilekile, ila makao yanashuka mteremko au kuupanda.

Kisha likaja badiliko ambalo kuhama peke yake hakukulitosheleza. Mhimili wa dunia uliendelea kuyumba, jua la majira ya kaskazini likapungua ukali, na pepo za mvua zikarudi nyuma. Miaka 5,300 hivi iliyopita maji ya Turkana yaliacha kumwagika kwenda Nile. Mlango ulipofungwa, ziwa likaanza kuwa la magadi. Na halikusimama hapo: katika karne zilizofuata, hadi miaka 3,900 hivi iliyopita, lilishuka kwa takribani mita 50. Nyangwa zikakauka, na pamoja nazo maji ya kina kifupi walikotagia kambare. Huko kaskazini, Sahara nayo ilikuwa ikifa.

Hapa ndipo wafugaji wanapoingia. Ng'ombe, kondoo na mbuzi walikuwa wamefugwa kaskazini mwa Afrika kwa maelfu ya miaka. Malisho ya Sahara yalipokauka, wenye mifugo walisukumwa kuelekea bonde la Nile na kusini zaidi. Wakafika Turkana wakati uleule ziwa linapungua, na maji yaliyoondoka yalikuwa yameacha nyuma yao tambarare mpya zinazoota nyasi. Hasara ya mvuvi ikawa faida ya mwenye kondoo.

Ni rahisi kuisimulia sehemu hii kama ushindi wa wageni: wafugaji wakaja, wavuvi wakatoweka. Jalala la Dongodien, karibu na Koobi Fora, linakataa. Barthelme alikuta hapo mifupa ya kondoo na mbuzi na ya ng'ombe, ambayo ni miongoni mwa ya kale kabisa ya mifugo kupatikana Afrika Mashariki, yenye zaidi ya miaka 4,000. Alikuta vyungu vya aina mpya, vile vinavyoitwa vya Nderit, vyenye nakshi nyingi. Na palepale, ndani ya tabaka lilelile, alikuta mifupa ya samaki kwa wingi. Waliokuwa na mbuzi waliendelea kuvua. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2019, unakwenda njia hiyohiyo: damu yao ni mchanganyiko wa watu waliotoka kaskazini-mashariki na wenyeji wa Afrika Mashariki waliokuwa wawindaji na wavuvi. Waliooana ni watu, na mifugo ikafuata.

Nani alimfundisha nani? Mgeni alijua kukamua na kuzalisha. Mwenyeji alijua maji yako wapi, samaki wanapanda lini, mamba wanalala upande gani. Katika nchi inayobadilika kila kizazi, maarifa ya mwenyeji yalikuwa na bei sawa na kundi la mbuzi.

Na hapo, katika karne zilezile za maji kukimbia, watu wa Turkana walifanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya wakati wa neema. Walijenga.

Kuzunguka ziwa, mashariki na magharibi, kuna mahali pasipopungua sita penye nguzo za mawe zilizosimikwa na watu: Jarigole, Il Lokeridede, Kalokol, Manemanya, na mahali pawili Lothagam. Zile za Kalokol ziko kando ya barabara itokayo Lodwar, na Waturkana husimulia kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Katika miaka ya 1970 wasomi wawili walidai nguzo hizo zilipangwa kufuata nyota, na dai hilo likazunguka dunia nzima. Siku hizi limewekwa kando. Nguzo ni za zamani zaidi ya walivyodhani, na chini ya mahali pa namna hiyo pana makaburi.

Lothagam Kaskazini ndipo palipochunguzwa kwa ukamilifu. Elisabeth Hildebrand aliongoza kazi hiyo, na miongoni mwa wenzake walikuwamo Purity Kiura na Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Miaka 5,000 hivi iliyopita watu walitengeneza jukwaa la mviringo lenye upana wa mita 30 hivi na kulizungushia mawe. Katikati yake waliondoa mchanga wa ufuo wa kale hadi kufikia mwamba, eneo la mita za mraba 120 hivi, na kwenye mwamba huo wakachimba makaburi, moja kando ya jingine, bila kuacha nafasi. Waliendelea kuzika hapo kwa karne kadhaa. Makadirio ni kwamba wamo watu wasiopungua 580.

Wamo wanaume na wanawake. Wamo wachanga na vikongwe. Hakuna kona ya wakubwa na kona ya wadogo, na karibu kila aliyechunguzwa alizikwa na pambo lake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, pete za meno ya kiboko, shanga za mawe ya kijani, ya waridi, ya rangi ya maziwa. Mtu mmoja alizikwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno ya mbele ya panya wa jangwani. Meno yalikuwa 405, na yalitoka kwa panya wasiopungua 113. Fikiria kazi hiyo: kuwanasa panya mmoja mmoja, kuyang'oa meno membamba bila kuyavunja, kuyapanga yote yaende upande mmoja. Pengine alitengenezewa na wengi, kwa siku nyingi. Kingine kilichopatikana ni kibao cha jiwe kilichochongwa sura ya ng'ombe, na hicho kinatuambia wazi kwamba mawazo ya watu hawa yalikuwa yamehamia kwenye mifugo, hata kama matumbo yao bado yalijaa samaki.

Wanahistoria wengi walizoea kufikiri kwamba ujenzi mkubwa huhitaji mfalme: mtu wa kuamrisha, ghala la kulisha vibarua, na tabaka la juu linalotaka kukumbukwa. Lothagam Kaskazini pameliharibu wazo hilo. Nguzo nyingine zilibebwa kutoka umbali wa kilomita nzima. Zilibebwa na watu ambao hawakuwa na mji, wala kijiji cha kudumu tunachokijua, wala alama yoyote ya mtawala. Walikuwa wafugaji waliotawanyika wakifuata nyasi, nao walikubaliana vizazi kwa vizazi kwamba wafu wao wote watalala pamoja.

Watafiti wenyewe wanaeleza kwamba mahali hapo palikuwa pa kukutania. Mimi nakubaliana nao, na ningependa kulisisitiza zaidi. Ziwa likiwa limejaa, kila jamii ilikuwa na ghuba yake, na jirani alikuwa mshindani. Nataruk ni ushahidi. Ziwa lilipokimbia, hakuna aliyeweza kujitosheleza. Mwaka huu mvua imenyesha upande huu, mwakani itanyesha upande ule, na mwenye kundi asiye na shemeji ng'ambo ya bonde atafiwa na mifugo yote. Mfugaji yeyote wa Turkana, Samburu au Umasaini wa leo anajua kwamba mali yake salama ni ile iliyo kwa rafiki. Msiba mkubwa wa pamoja, pale Lothagam, uliwakusanya watu waliotawanyika. Wakati wa kuzika ndipo habari za malisho zilipopatikana, mahari zikajadiliwa, ahadi za kukopeshana mbuzi zikawekwa. Ukame uliwatenganisha miguu, na makaburi yakawafunga pamoja.

Siku ilifika nafasi ikajaa. Wakafukia shimo lote kwa kifusi, wakatandaza juu yake kokoto za mawe meusi, wakasimamisha nguzo, na kando yake wakaacha duara za mawe na marundo mengine. Baada ya hapo hakuna aliyezikwa tena ndani ya jukwaa. Nyakati hizo ziwa lilikuwa likikaribia kutulia katika kimo chake kipya cha chini. Maisha ya ufugaji yalikwisha kuwa na mwenendo wake.

Wengine walikwenda kusini, polepole mno. Ilichukua zaidi ya miaka elfu moja kwa mifugo kutoka Turkana hadi kuenea kwenye nyika za kati za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na moja ya sababu zinazotolewa ni ndorobo na magonjwa ambayo ng'ombe wa kutoka kaskazini hawakuwa wamewahi kukutana nayo. Huko Luxmanda, mkoani Manyara, Mary Prendergast na Audax Mabulla wamefukua makazi ya wafugaji ya miaka 3,000 hivi iliyopita. Hapo mifupa ni ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, na mafuta yaliyonyonywa na vigae vya makazi kama hayo yameonyesha dalili za maziwa na nyama.

Kwenye Ziwa Victoria mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine kabisa, na hilo linafaa kukumbukwa ili tusidhani Turkana ndiyo kanuni. Huko mvua haikukatika kwa ukali ule. Wavuvi wenye vyungu vya aina ya Kansyore, vilivyopewa jina la kisiwa kimoja cha Mto Kagera, waliendelea kurudi kwenye maporomoko ya mito na kwenye fukwe zao kwa maelfu ya miaka, wakila samaki na konokono wa majini na kuacha vilima vya makombe. Penye Maporomoko ya Gogo, kwenye Mto Kuja, mifugo iliingia baadaye sana, na hata hapo uwindaji na uvuvi haukuachwa. Pale maji yalipobaki, watu nao walibaki na desturi zao.

Turkana nako uvuvi haukufa. Watu wa El Molo wa karibu na Loiyangalani, jamii ndogo kuliko nyingi nchini Kenya, walijulikana hadi karne iliyopita kwa vyelezo vya magogo ya mkoma na vyusa virefu, na kwa kuwinda kiboko. Hakuna ushahidi wa kutosha kuwaita wajukuu wa watu wa Lowasera, na sitawaita hivyo. Ila wanaishi kwenye ufuo uleule, na ziwa bado linawachezea: katika miaka ya karibuni limepanda tena, likafunika sehemu za makazi yao na makaburi yao. Upande mwingine, bwawa la Gibe III lililozinduliwa kwenye Mto Omo mwaka 2016 limeyaweka majira ya mafuriko mikononi mwa watu walio mbali, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza hifadhi za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Watu wa Lothagam walikuwa na kitu kimoja ambacho Mturkana na mtu wa El Molo wa leo hawana kwa wingi huo: nafasi ya kusogea. Maji yalipoondoka waliyafuata, nyasi zilipoota wakazilishia mifugo, na hakuna aliyewauliza kipande cha shamba ni cha nani wala mpaka wa nchi uko wapi.